Mkeka wa mlangoni: mlinzi wa nyumba au ghala la vumbi?

Ndugu wafanyakazi, nanyi mama wa nyumba, pamoja na vijana mnaowasomea wazazi ukurasa huu jioni,

Mwezi huu sitawaambia habari za kofia ya kazi, wala za kamba ya usalama, wala za mashini. Nataka tuongee juu ya kitu ambacho kila mtu anakikanyaga na hakuna anayekitazama: mkeka wa mlangoni. Pengine kwenu ni wa katani, pengine ni wa usumba wa nazi ulionunuliwa mjini, pengine ni wa matete uliosukwa na mzee wa sokoni, au ni gunia tu lililokunjwa mara mbili. Umbo si neno. Vyote hivyo vinatoka katika mimea, na vyote vina tabia moja: vinashika vumbi na kulificha.

Najua wengine watacheka na kusema: «Munganga amekosa habari, sasa anatufundisha kufagia!» Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Maoni yangu nayasema wazi tangu mwanzo, ili asiyekubali ajue anakataa nini. Katika nyumba ya mfanyakazi wa mgodi, mkeka wa mlangoni ni chombo cha usalama, kama vile kofia na viatu. Na kazi ya kuusafisha si ya mama wala si ya mtoto. Ni ya yule anayeleta vumbi. Mara nyingi huyo ni baba.

VUMBI LETU SI VUMBI LA NJIANI TU

Kila nyumba ina vumbi. Mwalimu analo, mchungaji analo, mwuza duka analo. Lakini vumbi linalokuja nyumbani juu ya viatu vya mtu wa kariere, wa kiwanda cha kusagia mawe au wa tanuru, si sawa na lile la barabarani. Ndani yake mna mambo mawili ya kuogopa.

La kwanza ni silika, yaani ile sehemu ya mwamba inayofanya jiwe kuwa gumu. Jiwe likipasuliwa na kusagwa, silika hutoka kama unga mwembamba sana. Vipande vinavyofika ndani kabisa ya mapafu ni vidogo kuliko mikroni 10, na mikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara 1.000. Macho hayavioni. Mfanyakazi anayevuta unga huo miaka mingi anaweza kupata silikozi, ugonjwa unaokausha mapafu polepole na ambao hauna dawa ya kuuponya. Tena mapafu yaliyoumia hivyo yanashikwa upesi na kifua kikuu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la silika la kazini katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Silikozi ni ugonjwa wa yule anayekaa ndani ya vumbi kila siku, si wa yule anayepita juu ya mkeka mara moja. Lakini mwenye mapafu yaliyokwisha kupokea vumbi saa nane kazini hana haja ya kuongezewa mengine nyumbani wakati wa kupumzika.

La pili ni madini yenyewe: shaba, kobalti, na mahali pengine risasi na madini mengine yanayokaa pamoja nayo katika mwamba wetu. Mwaka 2009 waganga na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Waliona kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia wana kobalti nyingi mno mwilini, hata wale wasiofanya kazi ya mgodi. Mwaka 2018 wakaandika tena juu ya mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Huko pia kobalti ilijaa katika mkojo wa wakaaji, na watoto ndio walioonekana kushikwa zaidi. Mtoto hakushuka shimoni. Vumbi ndilo lililomfuata mpaka mlangoni.

Mwaka 2020 wakatangaza uchunguzi mwingine, wa watoto wanaozaliwa Lubumbashi wakiwa na kasoro mwilini. Walipolinganisha familia hizo na nyingine, waliona kwamba baba aliyefanya kazi ya madini alipatikana zaidi kati ya wazazi wa watoto wenye kasoro. Nisieleweke vibaya: uchunguzi huo hausemi kwamba kila baba wa mgodi atazaa mtoto mwenye kasoro. Wala hausemi kwamba kosa ni la mkeka. Lakini mtu mwenye akili akisikia habari kama hiyo, hangoji barua ya pili ndipo aanze kuweka mbali vumbi la kazi na watu wa nyumbani mwake.

MIFANO YA MBALI NA YA KARIBU

Jambo la vumbi kutoka kazini na kuua nyumbani si hadithi ya kutisha watoto. Huko Zamfara, kaskazini mwa Nijeria, mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Watu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu katika malupango yao, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto walicheza juu ya vumbi, wakaweka mikono kinywani, basi.

Karibu yetu zaidi, ng'ambo ya mpaka, kuna mji wa Kabwe katika Zambia. Mgodi wa risasi na zinki wa huko ulifungwa mwaka 1994. Mashini zilinyamaza, lakini vumbi halikwenda pensheni. Miaka mingi baadaye watoto waliozaliwa nyuma ya kufungwa kwa mgodi walipimwa, wakakutwa na risasi katika damu kupita kiasi.

Na huko Afrika ya Kusini, mwaka 1960 waganga waliandika juu ya wagonjwa 33 wenye kansa ya ngozi inayofunika mapafu, iliyoletwa na vumbi la asbesto. Kati yao walikuwamo watu ambao hawakufanya kazi ya mgodini hata siku moja. Waliishi tu karibu na migodi walipokuwa watoto. Baadaye, katika nchi mbalimbali, kansa hiyo hiyo ilionekana kwa wanawake ambao kazi yao ilikuwa kukung'uta na kufua nguo za kazi za mabwana wao.

Kila vumbi lina tabia yake. Asbesto si kobalti, na kobalti si risasi. Lakini njia ni moja: kazini, kiatu na nguo, mlango, mkono wa mtoto, kinywa. Katika njia hiyo, mlango ndio daraja. Ndiyo maana nazungumza juu ya mkeka.

MKEKA UNASAIDIA, MKEKA UNADHURU

Mkeka safi ni mlinzi mzuri. Nyuzi zake ngumu zinakwangua soli ya kiatu, na vumbi linaanguka katikati ya nyuzi badala ya kuingia sebuleni. Lakini mkeka ni kama mfuko. Ukijaa, haupokei tena, unamwaga. Kila mguu unaoukanyaga unabana nyuzi, na vumbi la jana linaruka juu. Unga mwembamba zaidi unapita kati ya nyuzi na kukaa chini, juu ya simenti. Upepo ukipita chini ya mlango, unausukuma ndani.

Sasa fikiri ni nani anayekaa mlangoni. Si baba, yeye amekwenda kazini. Ni mtoto anayetambaa, kwa sababu mlangoni kuna mwanga na hewa. Ni bibi mzee anayechambua sombe. Ni msichana anayesukwa nywele. Mtoto wa mwaka mmoja anaweka mkono kinywani mara nyingi sana kwa siku, na mwili wake mdogo unapokea risasi kupita mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu ambacho tunaweza kukiita salama. Basi mkeka uliojaa ni kama sahani ya vumbi tunayomwekea mtoto chini.

Kwa hiyo nawaambia: heri nyumba isiyo na mkeka, ambayo simenti ya mlangoni inapanguzwa kwa torshoni la maji kila siku, kuliko nyumba yenye mkeka mzuri usiosafishwa tangu sikukuu ya mwaka mpya.

«LAKINI SISI TUNAUPIGA KILA SIKU YA POSHO»

Hilo ndilo jibu ninalopewa mara nyingi ninapozunguka kambini. Tena nimeona kwa macho yangu namna unavyopigwa. Mama ana mtoto mgongoni. Anashika mkeka, anaupiga kwenye ukuta wa nyumba au kwenye shina la mwembe, mkeka ukiwa mkavu. Wingu la vumbi linapanda, linamfunika yeye na mtoto, na nusu yake inarudi ndani kwa dirisha. Nusu nyingine inaanguka juu ya lengalenga na juu ya nguo zilizoanikwa. Hapo mkeka umesafishwa, lakini mapafu ya watu wawili yamechafuliwa.

Ndugu mfanyakazi, wewe unajua vizuri kuliko mimi. Mgodini je, unatoboa mwamba mkavu? Hapana, maji yanapita ndani ya chuma cha kutobolea ili vumbi life pale pale linapozaliwa. Baada ya baruti, je, mnaingia na kupakia mawe makavu? Hapana, lundo linamwagiwa maji kwanza. Barabara ya malori makubwa katika kariere je? Gari la maji linapita asubuhi na mchana. Sheria ya vumbi umefundishwa: lowesha kwanza, ndipo usogeze. Kwa nini sheria hiyo inabaki kwenye lango la kampuni, haifiki kwenye lupango lako?

Hapa lakini pana shida moja, na ni lazima kuisema. Nyuzi za mimea hazipendi maji mengi. Katani ikilowa sana inavimba, halafu ikikauka inajikunja na kupoteza umbo lake, na mara nyingi inabaki na madoa ya rangi ya chai. Gunia la juti ni baya zaidi, linaoza upesi. Matete yanashika ukungu na kuvunjika. Usumba wa nazi ndio unaovumilia unyevu kuliko wenzake, lakini nao ukikaa na maji unanuka na kuoza. Ndiyo maana watu wanaogopa maji, wakachagua kupiga pakavu. Wanaokoa mkeka, wanapoteza kifua.

Njia ya katikati iko. Mkeka haupewi maji ya kuoga. Unapewa umande tu.

NAMNA YA KUUSAFISHA

1. Chagua saa ya asubuhi, jua likiwa limetoka na upepo ukiwa mdogo. Ondoa watoto wote, na mama mwenye mimba pia. Funga mlango na madirisha. Tazama kama jirani ameanika nguo au anapika nje.

2. Vaa kifuniko cha pua kama kile cha kazini, kilicho safi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga mwembamba, kinakudanganya tu.

3. Kabla ya kuuinua mkeka, unyunyizie maji kwa vidole, kama mama anavyonyunyizia nguo kabla ya kuipiga pasi. Ngoja dakika chache. Uso wa mkeka uwe na unyevu, usidondoke maji.

4. Ukunje polepole kutoka pembeni kwenda katikati, ili vumbi libaki ndani. Usiukung'ute. Ubebe mpaka mbali na nyumba, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga.

5. Lowesha kidogo udongo wa mahali hapo. Ufungue mkeka na kuulaza uso chini. Piga mgongo wake polepole kwa fimbo au kwa mpini wa fagio, nawe simama upande unakotoka upepo. Vumbi litaanguka chini juu ya udongo wenye unyevu, halitapanda kwenye uso wako.

6. Uugeuze, kisha sugua kwa burashi ngumu iliyochovywa katika maji yenye sabuni kidogo na kukung'utwa. Fuata njia ya nyuzi, usizikate. Pangusa sabuni kwa kitambaa chenye maji safi kilichokamuliwa vizuri.

7. Uanike mara moja, juu ya waya au juu ya matofali mawili, hewa ipite juu na chini. Baada ya saa chache uugeuze. Usiurudishe mlangoni mpaka uwe mkavu kabisa, hata katikati ya nyuzi. Mkeka wenye unyevu unaolala juu ya simenti unazaa ukungu, na ukungu unaamsha pumu.

8. Wakati mkeka uko juani, panguza simenti ya mlangoni kwa maji na torshoni. Usifagie pakavu. Hapo ndipo ule unga mwembamba kuliko wote ulipojificha.

9. Maji machafu na vumbi lililoanguka, vitie katika shimo na kuvifunika. Madini hayaozi. Ukimwaga maji hayo juu ya lengalenga, utayala kesho kutwa pamoja na bukari.

10. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au chakula.

Kazi yote haipiti nusu saa, bila kuhesabu muda wa jua. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, ifanywe kila juma, kwani hapo ndipo vumbi la Katanga linapotawala. Wakati wa mvua adui anageuka kuwa matope. Usiyaache yakauke juu ya mkeka, maana matope ya leo ni vumbi la kesho. Weka kipande cha chuma chembamba kilichosimamishwa mbele ya baraza, kila mtu akwangue soli hapo kabla ya kukanyaga mkeka. Fundi wa kuunganisha vyuma anaweza kukitengeneza kwa mabaki.

Anayeweza kununua mikeka miwili, afanye hivyo: mmoja uko mlangoni, mwingine uko juani. Na mwenye mashini ya umeme ya kunyonya vumbi asijivune upesi. Kama haina chujio maalumu la vumbi jembamba, inakamata mchanga mbele na kutoa unga nyuma.

MAMBO MATATU YA KUKATAZA

Kwanza, maji ya javel. Watu wanayapenda kwa sababu yanatoa harufu ya lopitali. Lakini javel inakula nyuzi za mimea na kuzidhoofisha, wala haiondoi madini. Tena usichanganye javel na siki, wala na asidi yoyote. Moshi wake ni sumu ya kifua, na mtu anaweza kuanguka papo hapo. Kwa madoa ya ukungu, siki kidogo iliyotiwa maji mengi na jua vinatosha, bila javel karibu.

Pili, gunia lililobeba mawe. Nimelikuta mlangoni katika nyumba nyingi: gunia lililokuja na malakiti au na kobalti, likafuliwa mara moja, likawekwa mlangoni. Gunia la namna hiyo halina kufuliwa kwa nyumbani. Limeshiba madini katika kila uzi. Usiliweke mlangoni, usilifanye mto, usilitilie mahindi.

Tatu, mkeka karibu na moto. Nyuzi kavu zinashika moto upesi. Mbabula isiwekwe mlangoni juu ya mkeka, hata siku ya baridi ya mwezi wa sita. Tena moshi wa makala ndani ya nyumba iliyofungwa unaua watu usingizini. Na mkeka wa katani uliochakaa usichomwe ndani ya lupango. Moshi wa vumbi la madini si dawa ya mbu. Uzikwe shimoni.

KWA NINI BABA?

Sasa nafika mahali ambapo wasomaji wengine watakunja ukurasa. Mbona baba? Anarudi amechoka, amefanya kazi ya usiku, mgongo unamwuma. Tena majirani watasema nini wakimwona mwanaume anasugua mkeka? Watasema bibi amemtilia dawa katika sombe.

Nina sababu tatu, mzipime wenyewe.

Sababu ya kwanza ni ya elimu. Katika nyumba, baba ndiye aliyefundishwa habari za vumbi. Yeye amesikia mafundisho ya usalama, amepewa kifuniko cha pua, anajua kukivaa, na kifua chake kinapigwa picha na munganga wa kazi. Mama hakupewa chochote kati ya hivyo. Kumpa kazi ya vumbi mtu asiye na kinga, huku mwenye kinga ameketi kitini, ni jambo ambalo kazini tungeliita kosa kubwa. Shefu angeandikiwa ripoti.

Sababu ya pili ni ya mwili. Mama anaweza kuwa na mimba bila kujua. Anayo maziwa, anamshika mtoto siku nzima, anapika. Vumbi likimgusa yeye, limegusa nyumba yote.

Sababu ya tatu ni ya haki. Anayeleta mzigo ndiye anayeutua. Kama mama akirudi kutoka shambani na matope, naye asafishe yake. Lakini vumbi la mgodi mwenyewe anajulikana kwa jina na kwa namba ya kazi. Na kama anayefanya kazi ya mgodi katika nyumba yenu ni mama, maana leo wako wanawake wanaoendesha malori makubwa, basi sheria ni ile ile: mwenye vumbi na kifuniko ndiye mwenye mkeka.

Juu ya majirani, nitasema neno moja tu. Mtu anayesafisha kifaa chake cha kazi haonewi haya na yeyote. Fundi anasafisha mashini yake. Dereva anaosha lori lake. Basi mkeka uhesabiwe kati ya vifaa vya kazi, na maneno yatakwisha yenyewe.

MKEKA NI UZIO WA MWISHO, SI WA KWANZA

Nisingekuwa mkweli kama ningeiacha familia peke yake na burashi. Mkeka unakamata kile kilichokwisha kuponyoka. Ingefaa kisiponyoke. Njia ya kweli ni kwamba viatu na nguo za kazi zisitoke kazini kamwe: mtu afike na nguo zake, avue, avae za kazi, na jioni aoge kwa maji na sabuni, aache za kazi zifuliwe huko huko. Mahali penye vyumba vya kubadilishia na maji ya kuoga, kuna wafanyakazi wanaoviruka ili wawahi basi. Hao nawaomba: dakika kumi unazoiba hapo, mtoto wako ndiye anayezilipa.

Lakini wako wengi ambao hawana chumba wala bomba la maji, zaidi sana watu wa kampuni ndogo za mkataba. Wanavaa nguo za kazi tangu nyumbani na kurudi nazo. Kwao siwezi kusema «oga kazini» na kujiona nimemaliza. Nawaambia wao na wajumbe wao: ombeni. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaagiza kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi, na hiyo ndiyo njia ya kupitishia jambo hili. Liandikwe katika ripoti ya kikao, na kikao kinachofuata kiulize limefika wapi. Nawaambia wakubwa wa kampuni vilevile: bomba la maji na sanduku la nguo si zawadi kwa mfanyakazi. Ni sehemu ya kazi, kama vile maji ya kutobolea mwamba.

Mpaka siku hiyo, fanyeni mpaka wenu wenyewe. Viatu vya kazi vibaki nje, ndani ya sanduku lenye kifuniko ambalo watoto hawalifungui. Nguo za kazi zivuliwe barazani, zitiwe katika beseni lao peke yake lenye maji, bila kukung'utwa kwanza. Mikono na uso vioshwe. Halafu ndipo mguu ukanyage mkeka, na mtoto akimbilie mikononi mwa baba yake. Atangoja kidogo, lakini atapokea baba asiye na vumbi.

Kabla ya kumaliza, nawapa kazi ndogo ya kufanya siku ya posho hii. Chukua tambara jeupe lenye unyevu. Inua ncha ya mkeka wako taratibu, pitisha tambara mara moja juu ya simenti iliyo chini yake, kisha litazame, umwonyeshe na bibi yako. Kama limebaki jeupe, pokea pongezi zangu, tena wafundishe majirani. Kama limekuwa jekundu au jeusi, basi unajua kazi yako ya asubuhi ni ipi, na kifuniko cha pua unajua kilipo.

Munganga msaidizi wenu